Gauni la Matundu Saba

Kazi yangu ni kuchakaza nguo. Nasema mapema kwa sababu watu wakisikia niko kwenye filamu hunitolea macho na kuniuliza kama namjua fulani, nami sina hamu ya kumzungumzia fulani. Naletewa gauni jipya kutoka dukani, bado lina kikaratasi cha bei, na baada ya siku nne nalirudisha likiwa kama limevaliwa miaka kumi. Kola naisugua kwa msasa. Kitambaa nakiloweka kwenye chai ya rangi iliyokolea. Viwiko navipitishia brashi ya waya, mifukoni natia mawe na kuianika nguo ingali imelowa ili ilegee, kisha wembe, kisha majivu, kisha mafuta ya kupikia kidogo kwapani. Kikundi chetu kiliniita Masizi. Nilikuwa natembea na jina hilo kifua mbele, na leo nikilisikia siitiki.

Kabla ya filamu ninayoisimulia hapa nilikuwa nimechakaza nguo za filamu tisa, na zote tisa zilihusu maskini. Maskini wa filamu ni kiumbe cha ajabu. Bomba lipo uani lakini haogi. Hana sindano, kwa hiyo nguo yake ikichanika mwanzoni itabaki imechanika mpaka mwisho. Hacheki, hataniwi na shemeji yake, haimbi akifua, hamsengenyi mtu. Anakohoa. Anakaa kizingitini anatazama mbali, na huko mbali hakuna kitu. Kuna siku tulimpaka mtoto wa watu juisi ya embe mdomoni ili nzi waje, na nzi walipochelewa mwongozaji alifoka kana kwamba walikuwa wamesaini mkataba. Siku hiyo nilicheka mpaka nikashika mbavu. Juisi nilikuwa nimempaka mimi.

Na mimi si mtu wa kusema sikujua. Nimekulia kwenye vyumba viwili vya kupanga, uani kwenye wapangaji sita na bomba moja, na nilijua kwamba kila nilichokuwa nachakaza ni uongo. Mama yangu alishona mashuka ya hospitali miaka thelathini na moja. Alikaa kwenye chumba cha nguo nyuma ya jengo, penye mashine tatu za kushonea na meza ndefu. Shuka likitoboka alilitia kiraka. Likichakaa katikati alilipasua kwa urefu, akaleta kingo za kando katikati na kulishona upya, likapata maisha mengine. Likichoka kabisa alilikata foronya. Nyumbani alikuwa na sheria moja ambayo mimi na dada yangu tuliijua kabla hatujajua kusoma: nguo iliyochanika hailali. Ulichochana mchana kilishonwa kabla hujala, na kama umechana kwa utundu ulikaa hapo pembeni umemshikia uzi. Nilikwenda shule na kaptula yenye kiraka nyuma, na hicho kiraka kilikuwa kimepigwa pasi vizuri kuliko kaptula za wenye nazo.

Nilipopata kazi nilimwambia niko upande wa mavazi. Sikumdanganya, ila nilimwachia aelewe anavyotaka. Akaanza kuwaambia majirani kwamba mwanawe ndiye anayewavalisha watu wa kwenye picha, na kila nilipokwenda kumsalimia nilikuta amenisimulia vizuri mpaka nikaona aibu. Sikumsahihisha.

Filamu ya kumi ilihusu mama aliyefiwa na mtoto kwa njaa. Mwongozaji wetu alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, aliyepelekwa shule na dereva tangu chekechea. Neno lake kubwa lilikuwa ukweli. Alitaka ukweli kwenye kuta, ukweli kwenye masufuria, ukweli kwenye miguu ya waigizaji. Wiki moja kabla ya kuanza, nyumba tuliyokuwa tumekubaliwa ikatuponyoka, kwa sababu mwenyewe alisikia tunataka kung'oa mlango wake akatufukuza. Tukakaa kikao. Kila mtu akainamia meza. Mimi nilikuwa nimeahidiwa kwamba filamu hii ikienda sawa nitakuwa mkuu wa mavazi, basi kiherehere kikanishika nikasema mama yangu ana vyumba viwili. Mwongozaji akaniuliza kwa upole kama ni duni kweli kweli. Nikamjibu ni duni kweli kweli. Hivyo ndivyo nilivyoisema nyumba niliyojifunzia kutembea, na nilipoisema hivyo wenzangu walipumua kwa furaha.

Mama nilimwambia tu kwamba wageni kutoka kazini kwangu watakuja, watu kumi na mbili, siku tatu, kupiga picha. Aliuliza jambo moja, watakalia nini. Nikamwambia wanakuja na viti vyao. Alidhani natania.

Jumatatu asubuhi tulifika na magari mawili. Nilipofungua mlango nilitamani kuufunga tena. Mama na jirani yake, Mama Mapacha, walikuwa wamepaka kuta rangi ya maziwa, vyumba vyote viwili, mpaka nyuma ya kabati. Sakafu ilikuwa imesuguliwa kwa dawa nyekundu ikateleza. Mapazia yamefuliwa, vitambaa vya kufuma vimetandazwa juu ya viti, maua ya plastiki yameogeshwa, na glasi za kabatini, zile ambazo sisi watoto hatukuruhusiwa hata kuzipumulia, zilikuwa zimepangwa mezani kumi na mbili na mbili za ziada. Mama mwenyewe alikuwa amevaa gauni lake la buluu la marinda. Alisimama mlangoni akitukaribisha mmoja mmoja kwa mikono miwili, anamwambia kila mtu ajisikie yuko nyumbani.

Mwongozaji alisalimia vizuri, akatazama ndani, akatazama dari, kisha akanivuta pembeni na kuniuliza kama kweli ndiyo nyumba niliyoisema. Nikasema ndiyo, ila imepakwa rangi. Alishusha pumzi kama mtu aliyeibiwa. Akaniambia watu wanaoishi hivi hawana uchungu wowote wa kuonyesha, na kwamba hapa hakuna ukweli hata wa kuweka kwenye kijiko. Halafu akanishika bega.

"Masizi, irudishe ilivyokuwa."

Haikuwahi kuwa hivyo alivyotaka. Tangu nipate akili haikuwahi. Lakini nilifungua sanduku langu, na kwa saa moja na nusu nikafanya kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilichanganya masizi na maji na gundi kidogo, nikapaka kwa brashi pana kuanzia usawa wa jiko kwenda juu ili ionekane moshi umepita hapo miaka. Nilipuliza chai kwenye pembe za dari zikafanana na ukuta uliovujiwa. Nilibandua rangi kwa kisu. Kabati lilitolewa nje, viti vikatolewa, maua yakatolewa, tukaingiza ndoo iliyopasuka na mkeka uliochoka ambao nilikuwa nimeuchosha mwenyewe wiki iliyopita. Wenzangu walisimama mlangoni wakinisifu. Mmoja alisema naweza kumtia umaskini hata waziri.

Mama aliingia na sinia la maji ya kunywa, kila glasi juu ya kisahani chake. Akanikuta juu ya kiti, brashi mkononi, nusu ya ukuta wake ikiwa nyeusi. Alisimama. Aliuliza ukuta una nini, nami nikaanza kumweleza kwa maneno mengi kwamba ni kwa ajili ya picha, kwamba kamera haipendi rangi nyeupe, kwamba tutarudisha kila kitu. Sijui niliongea kwa muda gani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema nyie ndio mnaojua, akaendelea kuwagawia wageni maji. Mwongozaji alipokea glasi yake kwa shukrani nyingi akaiweka chini, nyuma ya kamera, mahali isipoonekana. Aliyenisema alikuwa Mama Mapacha. Yeye ana mdomo usiojua pazia, na alisimama dirishani akaniuliza kwa sauti ya kusikika uani kote nilisomea miaka mingapi kazi hii, maana wanawe wawili wanaifanya bure kila siku na yeye huwachapa.

Watu wa kamera walicheka. Mimi pia nilicheka, ile ya kufunua meno tu.

Ilipofika mchana tukapata simu kwamba mwigizaji mzee aliyekuwa acheze bibi wa marehemu ameshikwa na homa. Mwongozaji hakukasirika. Alikuwa ameketi uani kwenye kiti chake cha kukunja, anamtazama mama yangu akiosha glasi bombani, akimtazama jinsi anavyotazama vitu anavyotaka viwe vyake. Akasema, kwa sauti ile ya chini, yule pale ana uso. Akaniomba nikamwombe.

Ningeweza kukataa. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi na kila mara nafika hapo hapo, kwamba ningeweza kusema mama yangu haigizi, na hakuna ambaye angenipiga. Badala yake nilikwenda nikachuchumaa karibu na beseni na kumwambia wanahitaji mtu wa kukaa tu, bila kusema neno. Alijifuta mikono. Aliniuliza kama itanisaidia kazini. Nikasema itanisaidia sana. Akasema basi.

Nikamletea gauni. Hilo gauni nililifanyia kazi wiki nzima na lilikuwa fahari yangu: pamba ya kahawia yenye vidoti, bega moja limefifia kuliko jingine kama la mtu anayebeba ndoo upande mmoja, pindo limelegea mbele, na matundu saba yaliyochanwa kwa wembe na kusuguliwa kingo mpaka yakatoa nyuzi. Mama alilishika mabegani akaliinua kwenye mwanga, vile alivyokuwa akiinua mashuka. Akahesabu. Akasema matundu saba, akageuka kutafuta kikapu chake cha nyuzi. Nikamwambia hapana, linavaliwa hivyo hivyo. Alinitazama kuhakikisha kama nina akili timamu. Alilivaa, ila juu ya shimizi yake safi, na mwongozaji alipoagiza shimizi itolewe ili ngozi ionekane kwenye matundu, mama alijibu bila kupandisha sauti kwamba hatoi. Hilo tulishindwa.

Jioni hiyo tulipiga nusu ya tukio. Bibi anaingia, anakaa mkekani karibu na binti yake aliyefiwa, sufuria tupu iko katikati. Binti alichezwa na mwigizaji maarufu ambaye tulimpasua midomo kwa gundi na aliyekuwa akiuliza kila baada ya dakika kama chakula chake kimefika. Mama alikaa alivyoambiwa akae. Mwanga ukapungua, mwongozaji akasema nusu iliyobaki ni kesho.

Kwenye kazi yangu kuna kanuni isiyovunjwa. Kila jioni nguo zote za waigizaji zinakusanywa, zinaingia sandukuni, sanduku linafungwa, funguo nalala nazo. Jioni hiyo mwongozaji aliniita garini kunipongeza, akaniambia cheo changu hakina tena wasiwasi. Nililewa hizo sifa. Nilimpungia mama mkono tu, nikamwambia atundike gauni kwenye msumari, nikapanda gari nikaondoka. Nilimwachia mwanamke yule nguo iliyochanika ndani ya nyumba yake.

Jumanne asubuhi alinipokea mlangoni. Gauni alikuwa amelivaa tayari, na alijigeuza mbele na nyuma ili nilione vizuri. Alikuwa amelifua. Chai yote ilikuwa imetoka, mafuta yametoka, lilinukia sabuni. Pindo lilikuwa limenyooshwa. Matundu yote saba yalikuwa yamezibwa, na nasema yamezibwa, si yametiwa viraka tu. Alikuwa amechomoa nyuzi kutoka ndani ya mshono wa gauni lenyewe ili rangi zilingane, akasuka tundu uzi kwa uzi, hata vile vidoti akavirudisha. Nilipitisha kucha kuyatafuta nisiyapate. La kifuani, ambalo nililikata kubwa mno, kitambaa hakikutosha, basi alilifunga kwa ua dogo la kahawia lisilozidi kifungo cha shati.

"Nimekuzibia, baba. Jina lako si litaandikwa pale? Watu wakiuliza nani kamvalisha huyu mama, wasije wakakucheka."

Alifurahi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya yote. Alifurahi kama siku zile nilipomletea karatasi ya mtihani, na mikono yake ilikuwa bado ina harufu ya pasi ya mkaa.

Nikataka kumwambia kitu lakini mama wa mwendelezo akatokea. Huyu ni mwenzetu ambaye kazi yake ni kupiga picha kila kitu ili cha leo kifanane na cha jana, na akiona kifungo kimehama analia. Alimtazama mama, akatazama picha zake, akaweka mkono kichwani. Akamwita mwongozaji. Mwongozaji akaja, akainama kuangalia, na mwanzo akacheka, akamwita mpiga picha aje aone, wakaja wengine, wakawa wanamzunguka mama wanamshika gauni huku na huku. Walisema kashona kweli, tena vizuri. Mama aliamini wanamsifu. Aliinua mkono kidogo wapate kuona na la kwapani.

Kisha mwongozaji akaangalia jua na kicheko kikamwisha. Nusu ya tukio ilikuwa imepigwa gauni likiwa na matundu, haiwezekani nusu nyingine isiwe nayo. Nikamwambia, kwa sauti ndogo ambayo sitaki kuikumbuka, kwamba pengine tunaweza kurudia ya jana, kwamba hata hivi ni sawa, kwamba watu wa hali hii ndivyo wanavyofanya. Akanijibu mbele ya mama.

"Hakuna maskini anayeshona hivi. Nani ataamini?"

Watu wote walinigeukia. Ilikuwa zamu yangu. Nilikuwa na shahidi amesimama mbele yangu na gauni mwilini, na miaka thelathini na moja ya mashuka nyuma yake, na mimi mwenyewe nilikuwa shahidi wa pili, niliyesomeshwa kwa sindano hiyo. Nikasema ni kweli, hawataamini.

Akaniagiza nichane palepale, mwilini, maana taa zilishawashwa na kumvua na kumvisha kungekula muda. Mama alikaa mkekani mahali pake pa jana. Nikapiga magoti mbele yake na wembe. Mama wa mwendelezo alisimama nyuma yangu na picha, ananielekeza juu kidogo, kushoto kidogo, hapo, refusha. Ili matundu yawe yaleyale ilibidi nikate juu ya mishono yake yenyewe. Nilianza na bega. Uzi wake ulikuwa mgumu kuliko kitambaa, ukikatwa unalia. La pili, la tatu. Nilikata nikisugua kingo kwa msasa, nikipaka majivu kwa kidole, na muda wote nilikuwa nasikia pumzi yake juu ya kichwa changu, inakuja na kwenda bila haraka. Sikuinua macho. Nilijitia kushughulika kama fundi saa. Ua la kifuani nililiacha mwisho, na nilipolikata lilianguka kwenye mapaja yake, nikalifuta kwa mkono kama takataka ili lisionekane kwenye picha.

Nilipoinuka niliona taa ndogo nyekundu ya kamera inawaka. Ilikuwa inawaka tangu mwanzo. Mwongozaji alikuwa ameinua mkono kumzuia kila mtu asipumue, na machozi yanamlengalenga. Alinong'ona kwamba tumepata, kwamba hahitaji tena kitu kingine, kwamba hilo huwezi kulifundisha mwigizaji. Hapo ndipo nilipomtazama mama.

Siwezi kusema ilikuwa hasira. Hasira ya mama yangu naijua, ina kelele na ina mwisho. Huu uso sikuwa nimewahi kuuona. Alikuwa ananitazama kama mtu anayemtafuta mtu mwingine nyuma yangu na hamwoni.

"Umemaliza?" aliniuliza.

Nikasema nimemaliza. Akaingia chumba cha pili, akavua, akanirudishia gauni likiwa limekunjwa vizuri, pembe kwa pembe, na matundu yake yote saba.

Tulimaliza Jumatano. Nilimwambia mama nitaleta fundi wa rangi, akasema nisijisumbue. Nilipopita wiki iliyofuata kuta zilikuwa nyeupe tena, ila upande wa jiko masizi yalikuwa yanajitokeza kwa chini, kwa ajili ya ile gundi yangu. Nilipata cheo. Nilikwenda kumwambia, akasema hongera, akaniletea maji ya kunywa kwenye glasi ya kabatini juu ya kisahani. Sikuwa nimewahi kunywea glasi hizo maisha yangu yote. Dada yangu ndiye aliyenieleza kwamba siku hizi majirani wakiuliza habari zangu, mama anasema yupo, anafanya kazi, kisha anabadilisha mazungumzo.

Filamu ikatoka. Ilionyeshwa kwenye ukumbi mkubwa wenye zulia, na wote tulioifanya tulialikwa pamoja na wazazi wetu. Sikudhani mama angekuja. Alikuja, gauni la buluu, marinda yamesimama, akakaa karibu nami akauliza choo kiko wapi, basi. Watu walikuwa wamevaa walivyovaa, manukato yalinikaba. Taa zikazimwa na maskini wetu wakaanza kukohoa.

Uso wa mama ulikuja karibu na mwisho. Kwanza wakaonyesha sufuria tupu, kisha mtoto aliyefunikwa, kisha yeye, uso ukijaa ukuta mzima wa ukumbi, sekunde arobaini. Mikono yangu ilikuwa imekatwa kwenye picha, kichwa changu pia, hakuna aliyeweza kujua kwamba kuna mtu amepiga magoti mbele yake. Waliweka na muziki wa kulia. Nyuma yetu mwanamke alianza kupiga kwikwi, akamwambia mumewe aone umaskini ulivyommaliza yule bibi, hata machozi hana. Mume akasema inatia huruma. Mama hakugeuka. Alijitazama kama anayemtazama mtu wa mbali asiyemfahamu vizuri.

Taa zilipowashwa watu walisimama. Mwongozaji alipanda jukwaani akawashukuru wanyonge waliotufungulia milango yao, akataja ukweli mara nne, kisha akamwita mama. Alipanda ngazi bila kushikwa mkono. Mshereheshaji, kijana mwenye suti inayong'aa, alimpigia magoti kabisa ili kuonyesha heshima, makofi yakaongezeka. Akamwambia kwamba kila mtu hapa anataka kujua, mama, wakati ule tulipouona uso wako, ulikuwa unafikiria nini. Ni njaa? Ni watoto uliowapoteza? Akamwekea kipaza sauti mdomoni.

Mama hakuwa na haraka. Alipitisha macho kwenye viti, mstari hadi mstari, mpaka akanipata.

"Sikuwa nafikiria kitu," alisema. "Nilikuwa namtazama mwanangu akiwa kazini."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mwongozaji aliweka mkono kifuani. Mwanamke aliyekuwa akilia nyuma yangu aliniegemea begani akaniambia nina bahati kuwa na mama kama yule. Watu wote walikuwa wamesimama, wananigeukia, wanatabasamu, wananisubiri, nami nikasimama nikapiga makofi pamoja nao.